George Michael: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nyimbo zake, mikataba yake na kesi aliyoshindwa

Kila ukifika Desemba, wimbo uleule, Last Christmas wa mwimbaji George Michael na bendi yake ya Wham!, huanza kupigwa madukani na redioni, na watu huanza kuuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili tu. Yale ya nani alitunga nini na nani alimiliki nini nimeyapa nafasi zaidi, kwa sababu hapo ndipo ulipo mfupa wa habari yake.

Jina lake halisi ni nani, na ni Mwingereza kweli?

Alizaliwa Georgios Kyriacos Panayiotou, tarehe 25 Juni 1963, East Finchley, kaskazini mwa London. Baba yake alikuwa Mgiriki wa Cyprus aliyehamia Uingereza miaka ya 1950 na kujiinua kwa kazi ya mikahawa hadi akawa na wake mwenyewe. Mama yake, Lesley, alikuwa Mwingereza aliyewahi kucheza dansi. Kwa hiyo ndiyo, ni Mwingereza wa kuzaliwa na kukulia, mwenye damu ya Cyprus upande wa baba. George Michael ni jina la kazi. Andrew Ridgeley, rafiki yake wa shuleni, aliendelea kumwita Yog maisha yake yote.

Baba hakuamini kwamba muziki ungeweza kumlisha mtoto. Kijana ana dada wawili wakubwa, ni wa kiume peke yake, na nyumba imejengwa kwa jasho la jikoni: wazazi wengi wa aina hiyo, wa Cyprus au wa kwetu, wangesema hivyohivyo.

Alikutana vipi na Andrew Ridgeley?

Mwaka 1975, katika shule ya Bushey Meads. Mwalimu aliingia na mwanafunzi mgeni, akauliza nani atamtembeza na kumwelekeza, Andrew akanyoosha mkono. Mgeni alikuwa mnene kidogo, mwenye miwani mikubwa na haya nyingi. Andrew alikuwa kinyume chake: mtanashati, mcheshi, hajali. Waliwahi kuwa na bendi ya ska iliyoitwa The Executive, haikufika popote. Mwaka 1981 wakabaki wawili na kuanzisha Wham!

Hivi Andrew alikuwa anafanya nini hasa katika Wham!?

Swali hili huulizwa kwa kicheko. Jibu ni kwamba alifanya zaidi ya watu wanavyodhani. Careless Whisper ina majina mawili ya watunzi, Michael na Ridgeley. Vivyo hivyo Wham Rap! na Club Tropicana. Hata jina la Wake Me Up Before You Go-Go lilitokana na karatasi ambayo Andrew aliwaachia wazazi wake nyumbani akiomba aamshwe, kwa makosa akaandika neno moja mara mbili.

Lakini mchango wake mkubwa hauonekani kwenye orodha ya watunzi. Kijana mwenye haya alimtazama Andrew akajifunza namna ya kuwa mtu wa jukwaani. Baadaye Andrew alipoona mwenzake anatunga kwa kiwango ambacho yeye hawezi kukifikia, alimpisha bila ugomvi. Katika bendi, hilo ni jambo la nadra.

Kwa nini waligombana na lebo yao ya kwanza?

Mwaka 1982 walisaini na Innervision, lebo ndogo iliyotegemea kampuni kubwa ya CBS. Walikuwa na miaka 18 na 19, wana haraka, na karatasi walizotia saini zilikuwa na masharti mabovu kwao. Young Guns ilifika nambari 3 kwenye chati ya Uingereza, Bad Boys nambari 2, na Julai 1983 albamu yao ya kwanza, Fantastic, ikaenda moja kwa moja nambari 1 Uingereza. Pesa walizoona hazikulingana hata kidogo na picha zao magazetini.

Wakakimbilia mawakili. Mgogoro ukiwa bado moto, Innervision ilitoa rekodi iliyounganisha vipande vya nyimbo zao za zamani, nao wakawaomba mashabiki wao wasiinunue. Mwaka 1984 wakamalizana: Wham! ikahamia Epic, lebo ya CBS. Shikilia mwaka huo kichwani, maana makubaliano hayo yalikuja kumnasa George mbele ya jaji miaka kumi baadaye.

Kuna tofauti gani kati ya kutunga wimbo na kumiliki rekodi?

Usipolielewa hili, huwezi kuelewa kilichomkasirisha.

Wimbo una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na sauti yake. Hii ni ya mtunzi na kampuni inayomsimamia utunzi, na inaingiza mirabaha kila wimbo unapopigwa redioni au kuimbwa na msanii mwingine. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile inayoitwa masta: sauti iliyonaswa studio siku fulani. Katika mikataba ya enzi ile, masta ilikuwa mali ya lebo, ingawa gharama za kuirekodi zilikatwa kwenye mirabaha ya msanii. Yaani unalipia ujenzi wa nyumba, na hati inabaki kwa aliyekukopesha saruji.

George alikuwa mtunzi wa karibu kila alichokiimba, na utunzi wake ulisimamiwa na kampuni nyingine kabisa, Morrison Leahy Music, nje ya CBS. Ndiyo maana alikuwa tajiri mapema, na ndiyo maana baadaye aliweza kukaa miaka bila kutoa albamu huku akiwalipa mawakili. Mwimbaji asiyetunga asingeweza kuvumilia vita ile hata mwaka mmoja.

Ni kweli Careless Whisper alitunga akiwa kwenye basi?

Kwa maelezo yake mwenyewe, ndiyo. Alikuwa na miaka 17, anakwenda kupiga disko mahali alipokuwa na kibarua. Wakati anamlipa nauli kondakta, ile sauti ya saksafoni ikamjia kichwani. Alikuwa akitunga kwa kuvumisha, hasomi noti, kwa hiyo aliibeba kichwani safari nzima.

Kuirekodi ndiko kulikomsumbua. Mwaka 1983 alipelekwa Muscle Shoals, Alabama, kurekodi na Jerry Wexler, prodyuza aliyefanya kazi na Ray Charles na Aretha Franklin. Kijana wa miaka 20 alisikiliza kazi ya mkongwe huyo, akaikataa. Akarudi London, akairekodi upya mwenyewe. Wapiga saksafoni kadhaa walijaribu kile kipande cha mwanzo na kila mmoja akaambiwa bado, mpaka akapatikana Steve Gregory. Ikatoka Julai 1984, ikawa nambari 1 Uingereza. Marekani ilifika nambari 1 mwaka 1985, na jarida la Billboard, linalopanga chati za Marekani, likaiweka kuwa wimbo wa kwanza wa mwaka mzima.

Baadaye yeye mwenyewe aliuona mwepesi, na ilimsumbua kidogo kwamba maneno aliyoyaandika bila kufikiri sana yaliwagusa watu kuliko kazi alizozitolea machozi. Nasi huku tunaupiga harusini, maharusi wakikata keki, ilhali ni wimbo wa mtu aliyemsaliti mpenzi wake na sasa miguu imekataa kucheza.

Na Last Christmas je?

Mwaka 1984, yeye na Andrew walikuwa wamewatembelea wazazi wa George. Andrew yuko chini anatazama mpira kwenye runinga, George akapanda chumbani kwake kwa ghafla. Aliposhuka alikuwa na kibwagizo.

Ilirekodiwa Agosti, joto la kiangazi, studio ikapambwa mapambo ya Krismasi ili kuleta hali. Vyombo vyote alipiga mwenyewe: mashine ya ngoma, kinanda cha umeme, hata kengele. Sikiliza kinanda kwa makini utaona ni kazi ya mtu asiyejua kupiga vizuri: vidole vichache, noti rahisi. Nadhani hiyo ndiyo siri yake. Mpiga kinanda hodari angeujaza.

Kwa nini haikufika nambari 1 wakati ule?

Kwa sababu nambari 1 ilikuwa Do They Know It's Christmas?, wimbo wa kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, na George aliimba ndani yake. Alijizuia mwenyewe. Wham! wakatoa mirabaha ya Last Christmas kwa ajili ya njaa hiyohiyo.

Wimbo ule wa Ethiopia hakuutunga yeye. Ni wa Bob Geldof na Midge Ure. Nasema hivyo kwa sababu kila mwaka kuna msomaji anayekasirika, na ana haki, kwamba unauliza kama watu wa Ethiopia wanajua ni Krismasi. Wahabeshi walikuwa Wakristo kabla Uingereza haijawa nchi, na Krismasi yao ya Kanisa la Orthodox huangukia tarehe 7 Januari. Lawama hiyo ipelekwe kwa wenyewe.

Last Christmas ilikaa miaka mingi ikiwa singo iliyouzwa zaidi Uingereza bila kufika kileleni. Ilifika nambari 1 mwanzoni mwa Januari 2021, miaka 36 baada ya kutoka, na ikashika nafasi hiyo wiki ya Krismasi yenyewe mwaka 2023 na tena 2024.

Waliwahi kweli kutumbuiza China?

Aprili 1985, Beijing na kisha Guangzhou. Meneja wao Simon Napier-Bell alikwenda na kurudi kwa muda mrefu akiwashawishi wakubwa wa serikali. Katika ukumbi wa Beijing polisi walisimama kuzuia watu wasicheze, na umati haukuwa na uhakika kama unaruhusiwa kupiga makofi. Kwa meneja ilikuwa habari kubwa ya kuwauzia Wamarekani, na iliuzika.

Kwa nini Wham! ilivunjika wakati inapendwa?

George alishaanza kuandika nyimbo ambazo haziwezi kuimbwa na vijana wawili wenye kaptura na jua la ufukweni. Tuzo ya Ivor Novello ya mtunzi wa mwaka aliipata mwaka 1985, ana miaka 21. Tarehe 28 Juni 1986 waliaga katika uwanja wa Wembley mbele ya watu 72,000. Hawakugombana, wala hawakurudiana baadaye kutafuta pesa.

Faith ilikuwa kubwa kiasi gani?

Ilitoka mwisho wa Oktoba 1987. Nyimbo nne kutoka humo zilifika nambari 1 Marekani: Faith, Father Figure, One More Try na Monkey. Mwaka 1989 ikapata Grammy ya albamu ya mwaka. Alitunga karibu nyimbo zake zote na kuitayarisha mwenyewe, sehemu kubwa katika studio ya Puk, Denmark, na Sarm West, London. Wimbo wa Faith unaanza na kinanda cha kanisani kikipiga taratibu sauti ya Freedom, wimbo wa Wham! wa 1984. Ni kama anauzika ujana wake kwa heshima, kisha gitaa linaingia.

Kwa nini baadhi ya wasanii weusi wa Marekani walimlalamikia?

Mwaka 1988 Faith ilifika kileleni mwa chati ya albamu za watu weusi ya Billboard, na hakuna mwimbaji wa kujitegemea mzungu aliyekuwa amewahi kufanya hivyo kabla yake. Mwanzoni mwa 1989 akapewa tuzo za muziki wa soul katika American Music Awards, akiwapita waimbaji weusi waliokuwa wakishindana naye. Manung'uniko yakaanza: redio za wazungu haziwapigi weusi, halafu mzungu anakuja kuchukua na kile kidogo kilichotengwa.

Malalamiko yalikuwa ya haki, ingawa mkosaji mkuu alikuwa mfumo wa redio na chati. Yeye mwenyewe hakuwahi kuficha alikochota. Katika tamasha la Wembley la miaka 70 ya kuzaliwa kwa Nelson Mandela, tarehe 11 Juni 1988, Mandela akiwa bado gerezani, George aliimba nyimbo za weusi wa Marekani na kuziacha zake nyumbani. Kabla ya hapo, mwaka 1987, aliimba na Aretha Franklin I Knew You Were Waiting, na ikawa nambari 1 pande zote mbili za Atlantiki. Huo ni mmoja wa nyimbo zake chache kubwa ambazo hakuzitunga.

Kwa nini mwaka 1990 alikataa kuonekana kwenye video zake?

Alichoka. Ziara ya Faith ilimfanya awe sura, ndevu, miwani ya jua na koti la ngozi, na watu wakasahau kusikiliza. Albamu iliyofuata, Listen Without Prejudice Vol. 1, ya Septemba 1990, haikuwa na uso wake mbele. Video ya Freedom! '90, iliyoongozwa na David Fincher, aliwaachia wanamitindo Naomi Campbell, Linda Evangelista, Christy Turlington, Cindy Crawford na Tatjana Patitz waigize kuimba maneno yake, huku lile koti likiteketea na gitaa likilipuka. Frank Sinatra, mwimbaji mkongwe wa Marekani, alimwandikia barua ya wazi gazetini kumkemea kwamba analalamikia bahati.

Kilichomuudhi Sinatra mimi kinanifurahisha. Lakini soko lilimwadhibu: albamu ilifanya vizuri sana Uingereza, na Marekani iliuza kidogo ukiilinganisha na Faith.

Kesi dhidi ya Sony ilihusu nini?

Sony ya Japani ilinunua rekodi za CBS mwaka 1988. George alisaini na kampuni moja, akaamka yuko kwa nyingine. Aliona kwamba upande wa Marekani haukuipigania albamu ya 1990 kwa sababu yeye alikataa kuiuza kwa uso wake. Mwishoni mwa 1992 akafungua kesi London. Katika vitabu vya sheria inaitwa kwa jina la baba yake: Panayiotou dhidi ya Sony.

Hoja yake ilikuwa kwamba mkataba unamzuia mtu kufanya kazi yake isivyo halali. Ungeweza kumfunga hadi mwaka 2003. Kampuni ndiyo inamiliki masta. Kampuni inaweza kukataa albamu anayoileta, lakini yeye hawezi kupeleka kazi yake kwingine. Na haikubanwa kuitangaza kazi yake kwa nguvu ambayo yeye angeiona inatosha.

Kesi ilianza kusikilizwa Oktoba 1993 na kuchukua takriban siku 75 mahakamani. Tarehe 21 Juni 1994, siku nne kabla hajatimiza miaka 31, Jaji Jonathan Parker akaamua: ameshindwa, kwa kila hoja.

Kwa nini alishindwa, kama mkataba ulikuwa mbaya hivyo?

Kwa sababu haukuwa mkataba wa mtoto wa miaka 18. Ule mbovu wa Innervision ulishafutwa kwa makubaliano ya 1984, na jaji akasema ugomvi uliokwisha malizwa kwa maafikiano haufukuliwi. Mwaka 1988, baada ya Faith, walikaa tena mezani na akaboreshewa masharti, akiwa na mawakili wazuri kando yake. Hata mwaka ule alioshtaki alikuwa ameomba malipo ya awali chini ya mkataba uleule. Ukila chakula huwezi kusema hukualikwa.

Baada ya hukumu alilinganisha hali yake na utumwa wa kikazi. Neno hilo, likisikika Zanzibar au Bagamoyo kutoka kwa kijana mwenye mamilioni, halishuki vizuri. Ila ukiliondoa hilo, hoja iliyobaki ilikuwa na uzito: mfanyakazi yeyote anaweza kuacha kazi, msanii aliyesaini hawezi.

Basi alipoteza miaka yote ile bure?

Aliapa hatairekodia Sony tena, na akaanza taratibu za rufaa. Lakini lebo yenye msanii asiyeimba ina karatasi tu mkononi. Julai 1995 wakakubaliana aondoke: DreamWorks wakamchukua kwa Marekani, Virgin kwa kwingine. Iliripotiwa kwamba Sony walilipwa dola milioni 40 pamoja na sehemu ya mauzo ya baadaye. Naye alitakiwa kuwapa nyimbo mpya kwa ajili ya mkusanyiko wa nyimbo zake, Ladies & Gentlemen, uliotoka 1998.

Alishindwa mahakamani, akapata alichokitaka sokoni. Na cha kuchekesha ni kwamba mwaka 2003 alirudi Sony mwenyewe, kwa hiari, na albamu ya Patience ya 2004 ilitoka kwao.

Ana uhusiano gani na Freddie Mercury?

Hapa ndipo watu wa Zanzibar hupenda kuniuliza. Freddie, mwimbaji wa bendi ya Queen, yaani Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi Waparsi. Alifariki kwa UKIMWI Novemba 1991. Kwenye tamasha la kumkumbuka, Wembley, tarehe 20 Aprili 1992, George alisimama na Queen akaimba Somebody to Love.

Jioni ile wengi walijaribu kuimba nyimbo za Freddie na wengi walizidiwa nazo. Huyu hakuzidiwa. Walichokuwa hawajui watazamaji ni kwamba mpenzi wake, Mbrazili Anselmo Feleppa, alikuwa mgonjwa wa ugonjwa uleule. Anselmo alifariki Machi 1993. Rekodi ya usiku ule ilitolewa mwaka huo, ikawa nambari 1, mapato yakaenda kwenye mfuko wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa kwa jina la Freddie.

Jesus to a Child ni wimbo wa dini?

Hapana, ingawa nimeusikia ukipigwa Jumapili asubuhi. Ni wimbo wa kumwomboleza Anselmo. Uliingia nambari 1 Uingereza Januari 1996, na mirabaha yake aliipeleka kimyakimya kwa Childline, shirika la kusaidia watoto. Umo katika albamu ya Older, ya Mei 1996, ambayo nyimbo zake sita zote zilizotolewa kama singo zilifika tatu bora Uingereza. Kwangu ndiyo albamu yake bora. Huzuni yake haipigi kelele.

Ni nini kilitokea mwaka 1998?

Aprili 1998 alikamatwa na polisi aliyevaa kiraia katika choo cha bustani ya umma huko Beverly Hills. Siku chache baadaye akasema hadharani kwenye CNN kwamba anapenda wanaume. Halafu akatunga Outside, akajicheka mwenyewe akiwa amevaa sare ya polisi. Magazeti yaliyokuwa yakimwinda miaka yote yakabaki bila silaha.

Alikuwa anatungaje studio?

Polepole mno. Alikuwa anafika na wazo dogo, mdundo au mstari mmoja, na kujenga wimbo palepale huku mita ya studio inasoma pesa. Sauti yake aliirekodi kipande kwa kipande, mara nyingine neno moja likirudiwa mpaka linakaa. Ndiyo maana katika miaka thelathini na zaidi ana albamu chache hivyo za nyimbo zake mwenyewe: baada ya Wham! ni nne tu, Faith, Listen Without Prejudice, Older na Patience.

Ni kweli alinunua piano ya John Lennon?

Ndiyo, mnada wa mwaka 2000, kwa pauni milioni 1.45. Hakuifungia nyumbani, iliwahi kurudishwa Liverpool watu waione.

Na habari za jela?

Septemba 2010 alihukumiwa wiki nane kwa kuendesha gari akiwa amelewa bangi, baada ya kugonga duka Hampstead. Alikaa nne. Lilikuwa kosa lake na alikiri.

Misaada yake ilijulikana lini?

Mingi baada ya kufa. Mtu mmoja aliyefanya kazi kwenye vipindi vya runinga alisimulia jinsi mwanamke mmoja alivyoeleza kwenye mchezo wa bahati kwamba anahitaji pauni 15,000 za matibabu apate mtoto, na kesho yake George akapiga simu kwa siri akazitoa. Wengine walisema alikuwa akijitolea kwenye makazi ya wasio na nyumba na kuomba asitajwe. Moja lililojulikana mapema ni tamasha la bure la Desemba 2006 kwa manesi wa hospitali za umma, Roundhouse, London. Mama yake alifariki kwa saratani mwaka 1997, na hakuwa amewasahau waliomuuguza. Vienna nako, mwaka 2012, aliwapa tiketi za bure za tamasha lake wahudumu wa hospitali iliyomwokoa na nimonia mwaka mmoja kabla.

Alikufa vipi?

Siku ya Krismasi, 25 Desemba 2016, alikutwa amefariki kitandani nyumbani kwake Goring-on-Thames. Alikuwa na miaka 53. Uchunguzi ulisema ni kifo cha kawaida: ugonjwa wa misuli ya moyo na mafuta kwenye ini. Amezikwa Highgate, London. Mwaka 2023 alipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, aliyesimama kumzungumzia alikuwa Andrew.

Nataka kumsikiliza vizuri. Nianzie wapi?

Usianzie kwenye mkusanyiko wa nyimbo bora, utachanganya kaptura na msiba. Anza na Older, usiku, kwa spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni. Kisha rudi nyuma kwa Listen Without Prejudice, halafu Faith, na Wham! uiweke ya mwisho siku una wageni. Kama una nafasi ya wimbo mmoja tu, tafuta A Different Corner wa mwaka 1986. Alitunga, akaimba, akapiga vyombo vyote na kuutayarisha mwenyewe. Hauna ngoma, hauna kibwagizo cha kushangilia, ni dakika nne tu, na ulifika nambari 1.